Nimeagiza Terence Hill, nikapewa bonge: duka la muvi Ngamiani

Nyota tatu, na ya tatu ni kwa sababu ya bamdogo tu.

Ni moja ya haya maduka ya kuwekewa muvi kwenye flashi huku barabara za namba Tanga, jina nalihifadhi. Bamdogo kaniganda wiki nzima anataka zile za Trinity, yule kauboi mvivu anayeigizwa na Terence Hill, alikuwa anaziona sinema ya Majestic enzi za ujana wake, mpaka leo akimuona mtu mvivu anamwita Trinity. Namwambia dogo wa kompyuta niwekee za Terence Hill, ananiuliza huyo Mmarekani wa lini. Mmarekani wapi we, huyo Mtaliano kazaliwa Venice 1939, jina lake la kwao Mario Girotti, hilo la Terence Hill kajipachika 1967 maana makauboi wa Kitaliano walikuwa wanauzika wakiwa na majina ya kizungu kizungu. Dogo kabisha, kaingia mtandaoni, kanyamaza.

Bei jero kwa muvi, hapo siwasemi vibaya. Balaa lilianza nyumbani Makorora. Mbili zinaongea Kijerumani (sawa, mama yake Terence ni Mjerumani na utotoni aliishi Saxony wakati wa vita, lakini sidhani kama dogo aliwaza mbali hivyo). Nyingine imeandikwa Trinity, kumbe yuko Bud Spencer, yule mwenzake wa kutandika nao watu, peke yake. Bamdogo: "Huyu si lile bonge lake? Steringi yuko wapi?" Nikamwambia hilo bonge liliogelea Olimpiki 1952, na Terence mwenyewe alionwa na dairekta kwenye mashindano ya kuogelea akiwa mtoto ndio akaingia kwenye filamu. Akasema ndio maana ngumi zao zina pumzi.

Trinity ya 1970 yenyewe ilikuwepo, ila imeganda pale pale kwenye maharage. Jamaa kashika kikaango, uso vumbi tupu, anakomba na mkate, picha tuli! Bamdogo kachukua kipande cha chapati akatumalizia yeye, anafuta sahani mpaka inang'aa halafu anacheua, watoto hoi.

Nikarudi, dogo kabadilisha zote bure bila maneno, akaniongeza Lucky Luke ya 1991 ambayo Terence kaigiza na kuidairekti mwenyewe. Mimi imenichosha, bora abaki kutandika watu. Akanitupia na vipande vya Don Matteo, tamthilia aliyoanza 2000, humo ni padri anasaka wauaji kwa baiskeli. Hiyo bamdogo kaipenda kuliko zote, anasema yule na baiskeli yake kumbe mtu wa Tanga.

Nendeni na flashi zenu lakini. Ya kwao nimenunua imeandikwa GB 32, zimeingia muvi saba ikasema imejaa.