Fila ya midomo Kampala: miezi minne raha, wa tano kinundu

Nilidunga fila, ile sindano ya kujaza midomo na mikunjo ya uso, kwenye saluni moja hapa Kampala, jina nalihifadhi. Laki nne, midomo pamoja na mistari ya kando ya pua. Haki yao niwape: mkono wa yule dada ni mwepesi, na kufikia wiki uvimbe na michubuko vilikuwa vimekwisha. Shoga zangu wa Kisenyi wakawa wanauliza nani kanitengeneza, nami nikawatangazia bure.

Mwezi wa tano niling'oa gego. Siku chache baadaye nikaamka na kitu kigumu kwenye mdomo wa juu, kama punje ya kunde. Nikadhani chunusi. Kufika jioni kimekuwa harage, chekundu, cha moto, kinapwita, hata chai nainywea upande mmoja. Nikawaandikia saluni. Jibu: "Kanda kwa vidole, dada, kitashuka." Nikakanda, kikazidi.

Swali la kwanza la daktari wa ngozi: "Walikudunga nini?" Fila. "Fila gani?" Hapo nikabaki kumtazama. Kama ni ile ya asidi ya hailuroniki, alisema, ipo dawa ya kuiyeyusha, hailuronidesi. Kama ni silikoni, haiyeyuki. Huenda ikabidi kisu. Akanieleza kwamba bakteria wanaweza kuingia pamoja na sindano, wakajifunika utando na kukaa kimya miezi. Tena wakati mwingine si bakteria, ni kinga ya mwili imeichukia fila yenyewe. Mafua au kazi ya meno huweza kuiamsha. Ndiyo maana hakukimbilia steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayoshusha kinga, maana kama kuna maambukizi ingeyapalilia. Alianza na antibayotiki, mbili kwa pamoja, na tumbo langu linazikumbuka mpaka leo.

Nikarudi saluni kuomba boksi. "Tulishatupa." Daktari alikuwa ameniambia fila za makampuni yanayojulikana huja na stika yenye namba ya toleo, ya kubandikwa kwenye faili la mteja. Faili langu lilikuwa daftari la mistari: jina, simu, "midomo, 400,000, amelipa".

Bahati ilikuwa yangu. Moto ulipopoa alijaribu hailuronidesi, na baada ya mara mbili kinundu kikaisha, pamoja na midomo niliyoilipia. Kudunga laki nne, kuondoa karibu laki tisa.

Nawapa nyota moja, ya ule mkono mwepesi.