Mzula wa sweta lililofumuliwa: uzoefu wangu wa kroshia kwenye baridi ya Uyole

Kama unaishi Uyole hapa Mbeya, au unapanda mara kwa mara barabara ya Tukuyu, usinunue bunda jipya la uzi wa mzula kabla hujapita kwenye mabanda ya mitumba Mwanjelwa. Mama mkubwa ndiye aliyenifundisha kroshia, enzi hizo ni vitambaa vya makochi tu. Siku hizi mizula ndiyo inayoniingizia hela baridi inapokaza, Juni na Julai hasa. Nimefuma kwa pamba, nimefuma kwa akriliki ya mabunda, na sasa mzula wangu mwenyewe nautoa kwenye sweta la sufu nililolifumua.

Pamba tusiipotezee muda. Kofia ya jua, sawa. Ila manyunyu ya Rungwe yakiipata inakunywa maji, inakuwa nzito, na ubaridi unakaa nao kichwani hadi jioni.

Akriliki siisemi vibaya, maana ndiyo wateja wengi wanayoitaka. Rangi zote zipo, hata za timu, na unaifua na nguo nyingine bila kusinyaa. Kwa mtoto wa shule anayepoteza kofia kila muhula, hiyo hiyo inatosha. Shida unaiona ukianza kutembea. Haifyonzi unyevu, kwa hiyo ukipanda kilima jasho linabaki kwenye nywele, na ukisimama tu upepo unalikuta pale. Halafu kuna moto. Huku tunaota moto jikoni, na akriliki ni plastiki: cheche ikiidondokea inayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Sufu haishiki moto kirahisi, na ikishika mara nyingi huzimika yenyewe ukiiondoa motoni. Kwa sababu hiyo kofia za vichanga nafuma kwa sufu, mama mtu alalamike bei asilalamike.

Sufu ina joto kwa sababu unywele wake umejikunja kunja, na kwenye mikunjo hiyo hewa inatulia. Tena inaweza kufyonza unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba umelowa. Kwa ukungu wa Isyonje, pale unapochepukia kwenda Kitulo, sijaona uzi mwingine unaokaribia hapo.

Sasa, kuipata. Lebo ya ndani ikiwepo isome, na ukiona alama ya Woolmark, ile inayofanana na bunda la uzi lililosokotwa, huna haja ya kuhangaika. Masweta mengi ya mtumba lebo imeshakatwa, basi omba kunyofoa kauzi kadogo kwenye mshono, sogea pembeni, kawashie kiberiti. Kakinuka nywele zilizoungua na jivu likasagika vidoleni, ni sufu. Kakiacha kishanga kigumu cheusi, ni akriliki. Wauzaji hawaupendi mchezo huu. "Dada, ukichoma umenunua!" Nacheka, namwambia kaka mali yako haijapungua hata uzito.

Kabla ya kulipa geuza sweta ndani nje. Kama mishono ya ubavuni imepitishwa overloki, ule mshono wa mashine unaofunga ukingo, juu ya kitambaa kilichokatwa, liache, kwa sababu kila mstari utakatika ukifika ukingoni na utabaki na vipande vya nusu mita. Unalotaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa kwa uzi. Lililosinyaa na kugandamana kwa kufuliwa na maji ya moto nalo liache, halifumuki. Na chagua kubwa, la mwanaume mnene, bei ni ile ile.

Kufumua ni kazi ya jioni ukiwa na mtu wa kupiga naye soga. Unatenganisha mishono, unaanza shingoni, uzi unauzungushia mgongo wa kiti. Ukitoka umejikunja, hivyo unaufunga sehemu kadhaa usivurugike, unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu kidogo, unautundika kivulini ukauke na kunyooka. Uzi wa masweta mengi ni mwembamba. Mimi nafuma nyuzi mbili kwa pamoja, na sindano ya milimita 5.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Pima kichwa juu ya masikio. Tuseme ni sentimita 56. Toa nne, mzula unapaswa kukibana kidogo. Zinabaki 52, gawanya kwa 3.14. Duara la utosini likifika upana wa sentimita 16 na nusu hivi, acha kuongeza vitanzi na ushuke moja kwa moja. Ukiendelea kuongeza utapata kofia ya mpishi wa hoteli.

Kasoro ya kroshia, hata kwa sufu bora, ni matundu. Inakula uzi mwingi kuliko kufuma kwa sindano mbili na bado upepo unapenya, na nyuma ya bodaboda asubuhi utajua. Dawa yangu si kukaza mkono, kwa sababu mzula uliokazwa sana hauvutiki. Ndani, kwenye masikio na paji la uso tu, nashonea utepe wa kitambaa cha manyoya mepesi uliotoka kwenye jaketi la mtumba lililochoka. Upepo unakwama hapo, na sufu haiwashi paji. Wenye nywele za kusuka nawawekea satini ndani nzima, nywele zisikatike.

Kufua: maji baridi, usisugue, usikamue kwa kupinda, anika umelala. Hili nalisema na kulirudia ninapouza, maana msaidizi wa nyumbani akiutumbukiza kwenye maji ya moto na sabuni ya unga unarudi saizi ya mwanasesere.

Kwa anayeendesha pikipiki, fuma kwa uzi mmoja badala ya mbili, na usiweke kifundo cha manyoya juu. Helmeti haitakaa sawa kichwani, na hakuna baridi ya Mbeya inayofaa kuvuliwa helmeti.