Blender kwa kujengea seti za vipande: uzoefu wangu

Kwa anayetengeneza katuni za 3D na kutaka mitaa inayopangika upya kila onyesho, programu ya Blender inatosha, tena ni ya bure. Inachodai ni nidhamu ya vipimo.

Seti ninayoizungumzia ni uchochoro wa mtindo wa Mji Mkongwe, Zanzibar: ukuta mtupu, wenye mlango, wenye dirisha, kona, baraza, sakafu na ngazi. Basi. Ukuta una upana wa mita 2, kimo mita 3 na unene nusu mita. Unene huo si urembo: ukuta wa bapa moja huvujisha mwanga kwenye Eevee, injini ya Blender ya kutoa picha kwa haraka, hasa pale unapokutana na sakafu.

Nukta ya chungwa ya kila kipande, yaani kitovu ambacho kipande huzungukia, iwekwe kwenye pembe ya chini, isiwe katikati. Hapo ukikizungusha nyuzi 90 kinabaki kwenye mstari. Kisha Ctrl+A ili kuthibitisha ukubwa (Apply Scale). Ukiruka hatua hiyo, kingo ulizozilainisha zitatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Kunasisha (snapping), yaani kukifanya kipande kijishike mahali unapokisogeza, kuna namna mbili, na wengi hupotelea hapa. Moja husogeza kipande kwa hatua kuanzia kilipo. Kikiwa kimepotoka sentimita 3, kitabaki na upotofu huohuo hata ukikipeleka mwisho wa mtaa. Nyingine hukitua kwenye gridi yenyewe. Tumia hiyo.

Kurudia vipande ni Alt+D, siyo Shift+D. Nakala za Alt+D hutumia umbo moja, kwa hiyo ukirekebisha nakshi za mlango mmoja, milango yote hufuata na kumbukumbu ya kompyuta haijai. Ubaya wake ni kwamba ukibomoa plasta ya ukuta mmoja, mtaa mzima umebomoka! Bofya kwanza namba iliyo kando ya jina la umbo ili kuutenga. Ili kuta zisifanane mno, nodi ya taarifa za kitu (Object Info) kwenye mpangilio wa rangi hutoa namba ya nasibu kwa kila nakala. Iunganishe na rangi ya chokaa.

Kwenye pembe usipishanishe kuta mbili. Nyuso zinazolaliana kwenye bapa moja humemeteka kamera inapotembea, ndiyo maana kipande cha kona kipo.

Ukuta unaoziba kamera usiufute, maana mwanga utabadilika kati ya shoti na shoti. Katika Cycles, injini nyingine ya Blender ya kutoa picha, unaweza kuuficha kwa kamera pekee, kivuli chake kikabaki.

Maktaba ya vipande (Asset Browser) iliyokuja na toleo la 3.0 ni nzuri: unaburuta, unaachia. Udhaifu uko kwenye seti iliyounganishwa kutoka faili jingine: huwezi kusogeza hata stuli bila kuitengenezea ruhusa ya mabadiliko (Library Override), na utaratibu wake unachosha. Kwa filamu fupi ya mtu mmoja, ningenakili seti nzima ndani ya faili la onyesho na kuendelea na kazi.