Spea za pikipiki kongwe Uganda: uanzie wapi, umalizie wapi

Wengi wanaofufua pikipiki kongwe huanza kununua kile kinachoonekana: tanki, taa, siti, stika. Pesa inaishia hapo, na injini inabaki vipande vipande ndani ya boksi mwaka mzima. Mimi nasema anza ndani, uje nje. Na kabla ya kuuliza spea inauzwa wapi, uliza kama unahitaji kununua kabisa.

Hapa nimepanga njia za kupata spea kuanzia ninayoiamini zaidi hadi ya mwisho. Ninamfikiria mtu wa Kampala, Jinja au Mbale mwenye mashine ya miaka ya sabini au themanini: Yamaha DT au AG100, Honda CG125, XL au C90, Suzuki A100. Wachache wenye BSA, pikipiki za Kiingereza zilizobaki tangu enzi za mkoloni, nao wamo, ila njia yao ni ndefu zaidi.

Namba kwanza, pesa baadaye

Usitoe shilingi kabla hujapata namba ya spea. Michoro ya pikipiki nyingi za Kijapani inaonekana bure kwenye tovuti za wauzaji, kama CMSNL ya Uholanzi, na hata usiponunua kwao utatoka na namba. Namba ya Honda ina mafungu matatu. Tarakimu tano za kwanza zinasema ni kitu gani, fungu la katikati linasema kilianza kutengenezwa kwa ajili ya mtindo upi, la mwisho linaeleza toleo. 13101, kwa mfano, ni pistoni ya saizi ya kawaida. Fungu la katikati ndilo litakuambia ni ya C90 au ya CG. Yamaha wao wanatanguliza mtindo: alama tatu za mwanzo ni za mashine ambayo kitu hicho kilianzia. Ndiyo maana spea sahihi ya DT yako inaweza kubeba namba inayoanza na mtindo mwingine kabisa.

Muuzaji anayekuambia "inaingia, ssebo (bwana), inaingia tu" bila kutazama namba anakisia, na hasara ya kukisia kwake ni yako.

1. Kifaa chako mwenyewe, mikononi mwa mkerezaji

Hii ndiyo namba moja yangu, na siibadilishi. Chuma cha kiwandani cha miaka ile, hata kikiwa kimelika, mara nyingi kinafaa kuliko kipya kisicho na jina. Silinda inaborika, yaani tundu lake linapanuliwa kwa mashine. Pistoni za kuongeza saizi hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Saizi zikikuishia, silinda inaweza kutiwa slivu mpya, yaani ukuta mpya wa ndani, ukaanza upya. Kazi hizo zinafanyika Katwe na Kisenyi, mitaa ya Kampala, kila siku, kwa sababu mafundi wa huko wamezoea kufufua mashine ambazo spea zake hazipo tena.

Ila kuna utaratibu, na ukikosea hapa utalipa mara mbili. Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke silinda. Usimwambie fundi "bori 0.50" halafu uanze kuzunguka mjini ukitafuta pistoni. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 kutoka viwanda viwili hazilingani, na pengo lote linalotakiwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda kwenye injini ndogo ya tu-stroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli) ni sehemu chache tu za mia za milimita. Fundi anayejua kazi ataipima pistoni yako kwa maikromita, chini kwenye sketi, upande usio na pini, ataandika kipimo kwa chaki ubavuni mwa silinda, ndipo awashe mashine. Yule anayeitumbukiza pistoni ndani, akaitikisa kwa kidole na kusema imekaa, mshukuru, chukua silinda yako uondoke.

Siku ya kuichukua, ingiza kidole ndani na ukipitishe polepole kwenye kingo za matundu, la eksozi na yale ya kupitisha petroli. Ukihisi makali, kazi haijaisha. Kingo zikiachwa kali baada ya kubori, ringi hunasa, huvunjika, na kipande chake huchana pistoni na silinda ulizolipia juzi. Kuzisugua ni kazi ya dakika chache kwa jiwe laini, na ndiyo kazi inayosahaulika kuliko zote. Wakati wa kufunga, mshale ulio juu ya pistoni uelekee upande wa eksozi.

Krenki ya tu-stroki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni jambo jingine. Imeshindiliwa kwa presi, haifunguliwi kwa spana. Kit ya kono la pistoni na beringi yake ya chini unaweza kuipata, lakini baada ya kuishindilia tena lazima inyooshwe na kupimwa kwa ile saa ya mshale, ikiwa imekalishwa kwenye vishikio vyake na kuzungushwa kwa mkono. Kwa injini ndogo za Kijapani kikomo cha kuyumba huwa karibu na 0.03 mm. Kabla hujaacha krenki mahali, omba uione hiyo saa kwa macho yako. Asiyekuwa nayo, awe fundi mzuri namna gani, usimpe krenki.

2. Maduka ya beringi na sili

Kuna vitu ndani ya injini ambavyo si Yamaha wala Honda aliyevitengeneza. Beringi ni mfano mkubwa. Ukiisafisha ya zamani utasoma namba ubavuni, na namba hiyo ni ya dunia nzima: 6204 ni shimo la milimita 20, kipenyo cha nje 47, unene 14, iwe imetoka kwenye pampu ya maji au kwenye pikipiki. 6203 ni 17, 40 na 12. Duka linalouzia viwanda na mashine za kusaga litakuwa nayo, kutoka kampuni yenye jina, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ile iliyo kwenye pakiti ya pikipiki. Kwa krenki, soma pia herufi zinazofuata namba. C3 maana yake ni beringi yenye nafasi kubwa kidogo ndani, kwa ajili ya joto. Kama ya zamani ni C3, usikubali ya kawaida. Na kama ya zamani ina mfereji wa klipu upande wa nje, mpya nayo iwe na mfereji huohuo.

Sili, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, hupimwa vilevile: shimo, nje, unene. Hapa nina msimamo mkali. Sili ya orijino iliyokaa kwenye pakiti yake miaka thelathini usiinunue, hata kama pakiti inang'aa. Chuma kinangoja, mpira hauwezi. Unakauka ukiwa rafuni. Kwenye tu-stroki sili za krenki ndizo uhai wa injini: ya upande wa magneto ikivuja inavuta hewa, mchanganyiko unakosa petroli, pistoni inapata joto kupita kiasi na kukwama. Ya upande wa klachi ikivuja inavuta oili ya gia, na utaona moshi mweupe mzito usioisha. Watu wamebori silinda mara mbili kwa tatizo ambalo lilikuwa sili ya bei ndogo.

3. Pikipiki nzima ya pili

Ukiona ya pili ya mtindo uleule, hata bila injini, inunue kabla ya kununua spea mojamoja. Skrubu, vishikio, kava za pembeni, vibati vidogo vya kushikilia waya: hivi haviuzwi popote, na ndivyo hufanya mashine ionekane imekamilika au imeungwaungwa. AG100 na DT125 zilitumiwa sana na maofisa wa kilimo, wahudumu wa afya, misheni na mashirika, kwa hiyo nyingi zimelala kwenye yadi za wilaya na za hospitali. Mali ya serikali huuzwa kwa utaratibu wa kisheria, na minada hutangazwa magazetini, New Vision na Daily Monitor. Soma kurasa hizo. Mara nyingi zinauzwa kwa fungu, kadhaa pamoja, basi tafuta mwenzako mgawane.

Dai karatasi. Namba ya fremu na ya injini zilingane na logibuku, au na hati ya mnada. Fremu isiyo na karatasi ni chuma cha kung'oa spea tu, na ulipe bei ya chuma.

4. Kisekka, Ndeeba na maduka ya bodaboda

Kisekka, soko la spea la Kampala, ina sifa ya kupata kila kitu, na kwa magari ni kweli. Kwa pikipiki kongwe ni bahati, ndiyo maana nimeiweka ya nne. Nenda na kifaa kibovu mkononi, si maelezo ya mdomo, na uulize nani yuko sokoni tangu zamani. Hao ndio wana maboksi ya chini ambayo hayajafunguliwa. Injini iliyofutwa namba usiiguse. Bodaboda zinaibwa kila leo, na spea zake zinapita humohumo.

Faida kubwa ya soko hili ni vile vinavyotumiwa na bodaboda. Cheni ya 428, ambayo ni milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, imejaa kila duka na ndiyo ya CG125 na DT125. Tairi za inchi 17 nazo ziko tele, nafuu kwa mwenye C90. Mwenye DT atahangaika zaidi, kwa kuwa gurudumu la mbele ni inchi 21. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Plagi za NGK za bandia zimeenea duniani kote, kwa hiyo nunua duka lenye risiti, si mezani barabarani.

5. Ndugu zake walio hai

Hapa mwenye CG125 ana raha kuliko sote. Honda waliitoa mwaka 1976, ikanakiliwa na viwanda vingi vya China, na Pakistan bado wanaitengeneza. Injini yake unaweza kuifufua kwa vitu vinavyouzwa leo. Kati ya spea ya Pakistan yenye nembo ya Honda na nakala ya China isiyo na jina, lipa zaidi kwa ile ya kwanza kwenye pistoni, valvu na kamshafti. Kwenye kava na vishikio nakala inatosha.

Wengine tuwe waangalifu, kwa sababu udugu wa jina si udugu wa chuma. Spea za Yamaha RX100 ya India zinasukumwa kwa wenye AG100 kana kwamba ni kitu kimoja. Pistoni ya RX100 ni milimita 50, ya AG100 ni 52. Suzuki AX100 nayo si A100: A100 inavuta hewa kupitia diski inayozunguka ubavuni mwa krenki, AX100 haina diski hiyo.

6. Ng'ambo

Uingereza kuna David Silver Spares kwa Honda, Uholanzi kuna CMSNL, na eBay kwa mvumilivu. Ubora ni mzuri, bei inauma. Kumbuka ushuru hukadiriwa juu ya bei ya kitu pamoja na bima na usafiri, kisha VAT ya asilimia 18 inafuata. Kwa hiyo kuagiza ringi moja kwa ndege ni kutupa pesa. Andika orodha, subirianeni watatu au wanne, muagize mara moja, na mumuulize wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka huko.

Kwa mwenye BSA Bantam, iliyotengenezwa 1948 hadi 1971, njia hii inapanda hadi nafasi ya pili. Nati na bolti zake si za milimita; nyingi ni nyuzi za Kiingereza, 26 kwa inchi. Bolti ya Kijapani ukiilazimisha itaingia mizunguko miwili na kuharibu nyuzi za ndani. Nunua seti ya bolti Uingereza mara moja, au mpe mkerezaji sampuli akuchongee.

7. Seti za bei chee mtandaoni

Injini nzima ndani ya mfuko mmoja: pistoni, ringi, gasketi, sili. Gasketi za karatasi nitazitumia, au nitazikata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi ya hapa. Ringi na kono la pistoni, hapana.

Kabureta ya nakala ndiyo inayowashawishi wengi, kwa sababu inang'aa na ya zamani imechafuka. Acha. Chemsha ile ya zamani, safisha kila tundu kwa hewa, nunua sindano ya kuelea na jeti halisi (vitundu vinavyopima petroli); kwa Yamaha na Suzuki ni za Mikuni, zenye alama ndogo ya mraba ndani ya mraba. Usinunue jeti kubwa ukidhani utaongeza nguvu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi, na jeti iliyowekwa kiwandani tayari inamwaga petroli kidogo zaidi ya inayohitajika. Anza na namba ya kitabu, endesha ikiwa imepata joto, tazama plagi. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, shuka namba moja. Wa Kabale anunue kabisa na ile ya pili chini yake.