Kitasa cha Namba kwa Vyumba vya Wageni: Namba Inaingiaje Bila Intaneti?

Haya, karibuni. Kitasa kiko mbele yenu, nimekifunga kwenye kipande cha mlango ili mkione nje na ndani. Rangi, uzito, kadi, alama ya kidole, hayo yameandikwa kwenye boksi na wengi mnayajua, kwa hiyo nayaruka. Leo nataka mkione kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho kinachonifanya nivipende vitasa vya aina hii.

Kitasa hiki hakina laini, hakina waifai, hakijaunganishwa na chochote. Ni betri nne tu. Simu ninayo huku, Bluetooth nimeizima, mnaiona hapo juu. Intaneti iko kwenye simu peke yake. Nafungua programu, hii ni TTLock, ambayo kampuni nyingi za vitasa huitumia. Nachagua namba ya muda: kuanzia leo saa 8 mchana, programu inaandika 14:00, hadi kesho saa 4 asubuhi, 10:00. Nabonyeza. Namba hiyo hapo. Sasa tazameni vidole: naiandika mlangoni, namalizia na alama ya reli... mmesikia? Ule mlio mdogo ni mota. Mota haivuti ulimi, inashikisha mkono wa kitasa tu. Kabla ya namba mkono ulikuwa unazunguka bure, ukiukandamiza hauvunji kitu. Sasa umeshika, nashusha, ulimi umeingia ndani.

Kitasa hakijatumiwa ujumbe wowote. Siku unapokiunganisha na simu mara ya kwanza, kitasa na programu hukubaliana siri moja. Baada ya hapo programu inapiga hesabu kwa siri hiyo pamoja na saa ya kuanza na ya kumaliza, inatoka namba. Mgeni akiiandika, kitasa kinaihakiki kwa siri ileile na kuitazama saa yake chenyewe. Mwenye nyumba anaweza kuwa bara lingine na mgeni akaingia. Kwangu mimi hili lina thamani kuliko alama ya kidole, maana mgeni wa usiku mmoja huwezi kumwambia aje kwanza asajili kidole.

Sasa shida zake, na hapa ndipo watu wanarudisha vitasa vizima dukani. Namba ya muda lazima itumike angalau mara moja ndani ya saa 24 tangu muda wake uanze. Mgeni amelipia siku nne, safari ikachelewa, anafika siku ya pili usiku: kitasa kinamkatalia, na namba aliyonayo ni sahihi kabisa. Hakuna kilichoharibika. Mtengenezee namba mpya inayoanza saa ileile aliyofika, mtumie, anaingia. Mkiandika maelezo ya wageni, liandikeni hili.

Shida ya pili ni saa ya kitasa. Hesabu yote inaitegemea. Ikichelewa dakika ishirini, mgeni wa saa 8 kamili atasimama mlangoni dakika ishirini. Betri zikikaa nje muda mrefu, saa inaweza kupotea kabisa. Kwa hiyo kila ukibadilisha betri, simama karibu na mlango, washa Bluetooth, ingia kwenye mipangilio, tafuta saa ya kitasa, bonyeza kusawazisha. Hivi... imekwisha.

Na kufuta. Namba uliyokwisha kuitoa huwezi kuifuta ukiwa mbali, kwa sababu kitasa hakina masikio. Utaifuta ukiwa karibu kwa Bluetooth, au ununue kile kisanduku cha getiwei kinachokaa karibu na mlango na kuunganishwa na waifai. Ipo pia namba ya kufutia, mtu aliyeko pale akiiandika inafuta, lakini inafuta namba zote, ya msafishaji ikiwemo. Getiwei mara nyingi huuzwa kando, basi ukilinganisha bei za vitasa uliza kwanza imo au haimo. Nilitaka kusema haihitajiki. Kwa chumba kimoja cha kulala siku mbili mbili, kweli haihitajiki. Kwa jengo lenye wapangaji wa mwezi mzima ningeinunua, maana mpangaji akiondoka kabla ya siku zake namba yake bado inafungua.

Wengi mliuliza kwa nini nisichague kadi. Kadi inategemea ndani yake kuna nini. Usimbaji wa MIFARE Classic, aina moja ya kadi za kugusisha, ulivunjwa tangu 2008, na kadi hizo bado zinauzwa. Machi 2024 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina Unsaflok kwenye vitasa vya hoteli vya Saflok, vya kampuni ya dormakaba, zaidi ya milango milioni 3 katika nchi 131: kadi moja yoyote ya hoteli husika, hata iliyokwisha muda, iliwatosha kutengeneza kadi za kufungua kila mlango wa hoteli hiyo. Hiyo ndiyo mada ya video ijayo, tutasoma kadi tatu tofauti mezani, bonyezeni kengele isiwapite.

Turudi. Betri: weka alkali, nne za volti 1.5, jumla volti 6. Za kuchaji zina volti 1.2, nne ni 4.8, na vitasa vingi huanza kulalamika betri ndogo vikifika hapo hapo, hata kama umezichaji sasa hivi. Za lithiamu zinashikilia nguvu hadi karibu na mwisho kisha zinaanguka ghafla, onyo linakuja umechelewa. Zikiisha kabisa, tazama huku chini: tundu la USB-C. Chomeka chaja ya mkononi, kitasa kinawaka, ila namba bado unaiandika. Vingine vina vinundu viwili vya kugusishia betri ya volti 9. Na chagua chenye tundu la ufunguo lililofichwa, mota ikifa USB haitakusaidia.

Nisogeze kamera hapa, hili fundi wengi wanalikosea. Kando ya ulimi kuna kijipini chembamba. Mlango ukifungwa, ulimi unaingia kwenye tundu la kibati cha fremu, kijipini kinatakiwa kibaki kimebanwa juu ya kibati. Kikibanwa, ulimi haurudi hata ukiusukuma. Sasa natumia kibati chenye tundu kubwa: kijipini kimeingia humo pamoja na ulimi. Nachukua kipande hiki cha plastiki, napenyeza... mlango wazi. Namba haikuguswa. Usipanue tundu la kibati kwa sababu mlango unabana. Rekebisha bawaba, au sogeza kibati milimita moja moja.

Upande wa ndani, mkono mmoja ukishushwa lazima uondoe ulimi na komeo kwa pamoja, bila namba, bila umeme. Ukikuta cha chumba cha wageni kinachodai kitu chochote ili mtu atoke, kiache, moshi haungoji.

Kabla ya kununua pima unene wa mlango, na umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya mkono: 60 au 70 milimita ndizo zinazopatikana zaidi. Ukishakifunga, jaribu namba mara kumi mlango ukiwa wazi, na ufunguo wa dharura uwe mfukoni mwako, usiwe ndani ya chumba. Ndipo uufunge.