Den Danske Ordbog: kamusi ya bure kwa mcheza dansi wa Dar anayejifunza Kidenmaki

Mwanafunzi wa dansi aliyeko Dar es Salaam akiamua kuongeza Kidenmaki kwenye masomo yake ya chuo, kinachomkwamisha mwanzo si sarufi, ni mwalimu. Kifaransa kina Alliance Française, Kijerumani kina Goethe-Institut, na zote ziko hapa hapa mjini. Kidenmaki hakina nyumba ya namna hiyo. Kinachobaki ni simu, bando na sikio. Kati ya yote yanayopatikana kwenye simu, tunachokitanguliza ni Den Danske Ordbog, kamusi kubwa ya Kidenmaki cha leo inayotolewa na Det Danske Sprog- og Litteraturselskab kwenye tovuti ya ordnet.dk. Ilichapwa kwanza kwa juzuu sita kati ya mwaka 2003 na 2005. Sasa iko mtandaoni bure, haitaki kujisajili wala nywila, na ina programu yake ya simu.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja tuliyoikata tutaieleza, maana inamuuma zaidi anayeanza.

Kwanza, kwa nini mcheza dansi ahangaike na lugha hii? Shahada inayofundishwa kwa Kidenmaki humtaka mgeni awe na Kidenmaki cha juu, na mtihani unaotambulika kwa kusudi hilo ni Studieprøven, ulio kwenye kiwango cha C1 (cha tano kati ya viwango sita vya lugha vya Ulaya, kuanzia A1 hadi C2). Halafu kuna maktaba. August Bournonville (1805–1879), aliyeipa Baleti ya Kifalme ya Denmark mtindo wake wa miguu myepesi na mikono iliyotulia, aliandika kwa Kidenmaki, na mengi yaliyoandikwa juu yake yamebaki humo humo. Asiyeijua lugha anakula makombo ya tafsiri.

Sasa tuufungue ukurasa mmoja tuone. Andika fod, yaani mguu kuanzia kifundo kwenda chini. Juu kabisa utasoma "substantiv, fælleskøn": ni nomino ya jinsi ya pamoja, inayotanguliwa na en (moja). Nomino za kundi la pili, zenye et, huandikiwa "intetkøn". Mswahili aliyekua na ngeli zote zile hatishwi na ngeli mbili. Chini yake kuna mstari wa BØJNING, maumbo ya neno: "-en, fødder, fødderne". Mstari huu ndio mali ya kamusi nzima. Unakupa foden (mguu ule unaojulikana), fødder (miguu) na fødderne (miguu ile). Sisi alama zetu huwa mbele ya neno, wao huzipachika mkiani.

Faida yake utaiona kwenye darasa la dansi. Mwalimu wa Kidenmaki hasemi "kunja magoti yako", husema bøj knæene, magoti yale, bila "yako". Hivyo ukijifunza knæ peke yake bila mstari wake wa "-et, knæ, -ene", agizo litapita sikioni usilitambue. Jifunze kila kiungo pamoja na mkia wake: hofte, hoften, hofter, hofterne kwa nyonga, hæl, hælen, hæle, hælene kwa kisigino, tå, tåen, tæer, tæerne kwa kidole cha mguu. Viungo 10 kwa wiki vinatosha. Ukizidisha hapo, mikia inachanganyika.

Maagizo nayo yana njia yake. Sisi huondoa ku- kupata "kunja", wao huondoa -e ya mwisho: bøje linakuwa bøj, strække linakuwa stræk, slippe linakuwa slip. Ukisikia slip skuldrene (legeza mabega yashuke), tafuta slippe, lile umbo lenye -e, usome maana zake zote. Ukitafuta slip tupu unaweza kuangukia nomino isiyohusiana na mabega.

Chini ya BØJNING kuna UDTALE, matamshi, pamoja na kialama cha spika. Hapa ndipo kamusi hii inapoziacha mbali programu za simu zenye michezo ya maneno. Unasikia neno moja likitamkwa na mtu, na pembeni yake fonetiki, alama za sauti, inakuonyesha kilichotokea kooni. Alama ya kuisaka ni ˀ, mfano wa alama ya kuuliza iliyopoteza nukta yake. Hiyo ndiyo stød, mbano mfupi wa koo, na ndiyo inayotenganisha hun (yeye wa kike) na hund (mbwa), kwa kuwa d ya hund haitamkwi kabisa. Inatenganisha pia læser (msomaji), lisilo nayo, na læser (anasoma), lenye nayo.

Mswahili anayo malighafi ya stød tayari, hajui tu kama anayo. Ni ile "aa-aa" ya kukataa, mtoto anapoomba pipi ya tatu. Pale katikati koo linafunga. Anza hapo. Tamka hun ukiivuta n, kisha n ikiwa bado inalia, libane koo nusu, kama unayetaka kuanza kukataa akaghairi. Sauti ikwaruze kidogo bila kukatika. Ikikatika kabisa umezidisha, legeza. Rudia mara tano, bonyeza spika, linganisha, rudia tena. Mcheza dansi ana nafuu hapa, kwani amezoea kukaza msuli mmoja na kuuacha wa jirani umelegea. Kosa linalojitokeza zaidi ni kukaza taya na mabega pamoja na koo. Simama mbele ya kioo. Mabega yakipanda, stød haijawa yako.

Kuna mtego mwingine unaotoka kwenye Kiswahili chenyewe. Neno letu hupenda kuishia kwa irabu, ndiyo maana tumelifanya neno la kigeni kuwa "dansi". Kwa Kidenmaki, dans ni nomino, inaishia kwenye s na ina stød. Danse, lenye irabu hafifu mwishoni, ni kitenzi, na halina stød. Mswahili anayesema "dansi" akidhani ametaja nomino amekaribia kutaja kitenzi. Sikiliza kurasa hizo mbili moja baada ya nyingine, dans kisha danse, mpaka usikie tofauti kabla ya kujaribu kuitamka.

Alama ya pili ya kuangalia ni [ð], ile d laini ya mwisho wa fod na ya katikati ya fødder. Ukiijua dh ya dhahabu utaikimbilia, na utakosea. Kwenye dh ncha ya ulimi hugusa meno ya juu na hewa inasuguana. Kwenye d laini, ncha inalala nyuma ya meno ya chini, mgongo wa ulimi unapanda bila kugusa juu, na hakuna msuguano. Ikitoka kama l iliyomezwa, uko karibu. Irabu za y na ø ni rahisi zaidi: tamka "i" huku midomo imeviringwa kama ya "u", umepata y, tamka "e" kwa midomo ya "o", umepata ø. Zipe dakika tano kwa siku.

Fonetiki inakuokoa pia na herufi bubu. Gulv (sakafu) halitamki v, skulder (bega) halitamki d, hånd (mkono) halitamki d. Lakini knæ linatamka k yake waziwazi. Anayesoma kwa macho tu, kwa imani ya Kiswahili kwamba kila herufi hulia, atayatamka yote na hataeleweka.

Sasa hesabu, maana dansi haichezwi bila hesabu. Nenda kwenye kamusi, usikilize en, to, tre, fire, fem, seks, syv, otte. Halafu hesabu kwa Kiswahili, moja mpaka nane. Utagundua jambo: namba zetu zote nane zina silabi mbili mbili, hata nne. Mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Tumezoea kulijaza pigo zima, nusu kwa nusu, na mwili unaisikia ile nusu ya pili bila kuambiwa. Za Kidenmaki karibu zote ni silabi moja. Fire na otte pekee ndizo zenye mbili. Mzoefu wa sindimba au mdundiko anapohesabu en-to-tre kwa mara ya kwanza, huwahi pigo, kwa sababu neno limekwisha ilhali pigo bado halijaisha. Dawa ni og (na): en og to og tre og. Piga kofi kwenye namba, acha og ianguke katikati ya makofi. Weka metronomu polepole, mapigo 60 kwa dakika, na usiongeze mpaka uweze kuzunguka mara nne bila kuwahi.

Hayo mapigo 60 yenyewe kwa Kidenmaki ni tres. Hapo wengi huachana na lugha hii, na ukurasa wa kamusi, kwenye sehemu ya OPRINDELSE (asili ya neno), ndio unaowarudisha. Hesabu imejengwa kwa ishirini. Tres ni tatu mara ishirini. Firs ni nne mara ishirini, 80. Halvtreds ni mbili na nusu mara ishirini, 50, kwa kuwa "nusu ya tatu" kwao ni mbili na nusu. Kwa njia hiyo hiyo halvfjerds ni 70 na halvfems ni 90. Namba ndogo hutangulia: 95 ni femoghalvfems, tano-na-tisini.

Nusu hiyo hiyo ndiyo inayowachelewesha watu mazoezini. Mwalimu akisema klokken halv tre, ni nusu ya kuielekea tatu yao, yaani saa nane na nusu mchana kwa saa zetu. Anayesikia "tatu na nusu" akaigeuza kwa Kiswahili atafika saa tisa na nusu, mazoezi yamepita saa nzima.

Tusiwadanganye kuhusu programu za tafsiri zinazogeuza Kidenmaki kuwa Kiswahili moja kwa moja. Zinasaidia kupata picha ya aya, ila kwa maneno ya mwili zinapotosha. Ryg ni mgongo, lakini pia ni agizo la ryge, vuta sigara. Kwenye maandishi yanafanana, na tofauti utaisikia kwenye matamshi tu. Au chukua træk vejret. Neno kwa neno ni "vuta hali ya hewa". Kwenye Den Danske Ordbog utalikuta trække vejret likielezwa kama msemo mmoja wenye maana ya kuvuta pumzi. Sehemu ya FASTE UDTRYK, misemo, iko huko chini, baada ya maana, na wengi hawafiki huko. Fika. Kwenye ukurasa wa dans utakuta pia en dans på roser, dansi juu ya mawaridi, ambao kwa kawaida hutumika kwa kukanusha: jambo fulani si dansi juu ya mawaridi, maana yake si lelemama.

Na ile nyota iliyokatwa? Maelezo yote ni ya Kidenmaki. Aliye A1 hawezi kuisoma kamusi hii kama kamusi. Anaweza kutumia mstari wa BØJNING na spika tu, na maana aitafute kwenye kamusi ya lugha mbili. Kuanzia A2 mlango unafunguka, na kusoma maana ya neno kwa Kidenmaki kunakuwa somo lenyewe. Pili, maneno mengi ya kuunganishwa hayana sauti. Hayo yagawe: dansetrin (hatua ya dansi) litafute kama danse na trin. Tatu, spika hutamka neno likiwa peke yake, taratibu, ilhali ukumbini maneno humezana. Kwa hilo tafuta vipindi vya sauti vya DR, shirika la utangazaji la Denmark, usikilize hata ukiambulia neno moja kati ya kumi. Foleni ya Mwenge kwenda Posta ina muda wa kutosha.

Kibodi ya simu ni jambo dogo. Shikilia a utapata æ na å, shikilia o utapata ø. Usiandike ä wala ö, hizo ni za Kiswidi. Na ukishika kamusi ya karatasi, kumbuka æ, ø na å huja baada ya z. Anayetafuta åben kwenye kurasa za mwanzo hatalipata.

Mwisho, angalia uko kwenye kamusi ipi. Ordnet.dk ina nyingine pia, Ordbog over det danske Sprog, ya juzuu 28, inayohusu Kidenmaki cha mwaka 1700 hadi 1950. Tahajia yake ni ya kabla ya mabadiliko ya 1948, yaliyoleta å badala ya aa na kuondoa herufi kubwa kwenye nomino. Ukiinakili kwenye insha yako, utaonekana umekosea. Lakini ukiwa na ukurasa wa Bournonville mkononi, ambamo mguu umeandikwa Fod na kidole Taa, funga ile ya kwanza ufungue hii.