Sindano kwanza, spika baadaye: fedha ziende wapi unaponunua mashine ya santuri

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji wanaoanza kukusanya santuri yanafanana sana. Mtu hununua spika kubwa na amplifaya yenye nguvu, akaziunganisha na mashine yoyote iliyotoshea fedha zilizosalia, na baada ya miezi michache santuri zake za taarabu na za dansi huanza kukwaruza mahali ambapo hazikuwa zikikwaruza. Muuzaji humwambia kwamba santuri zenyewe ni kuukuu. Mara nyingi si kweli, bali zimeliwa na sindano.

Ndiyo maana mpangilio wangu unapingana na ule wa maduka mengi. Spika mbovu itakunyima raha leo na kesho utaibadilisha, lakini sindano mbovu hukwangua kuta za mfereji wa santuri, na sauti iliyokwanguliwa hairudi. Santuri nyingi ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizotengenezwa Nairobi katika miaka ya 1970 hazijatolewa tena, kwa hiyo nakala uliyo nayo huenda ndiyo pekee utakayoipata. Napanga vifaa kwa kufuata ukaribu wake na santuri: sindano na katriji yake (kichwa kidogo kinachoishika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), kisha mkono unaobeba katriji na mota, kisha kikuza sauti cha fono (kinachokuza mawimbi dhaifu ya katriji kabla ya amplifaya), kisha spika, na amplifaya mwisho.

Jambo ambalo wauzaji karibu hawalitaji kabisa ni uzito ambao sindano huukandamizia juu ya santuri. Katriji nzuri ya sumaku, kwa mfano AT-VM95E ya Audio-Technica, hufanya kazi kwa gramu 1.8 hadi 2.2, ilhali mashine nyingi za mkoba, yaani zilizojengwa ndani ya sanduku la kubebea, zenye katriji ya kauri hukaribia gramu 5 au kuzidi, na mkono wake hauna kitu cha kuzungusha ili kupunguza uzito huo. Wala sindano nyepesi mno si salama, kwa kuwa hurukaruka ndani ya mfereji na kuzigonga kuta zake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lolote kuhusu spika, tazama nyuma ya mkono: ikiwa hakuna uzito wa kusawazisha unaozungushwa, na huna hakika na gramu zake, weka fedha zako mfukoni. Mizani ndogo ya kupimia sindano ni ya bei nafuu, nami naihesabu kuwa sehemu ya mashine.

Waliorithi santuri nzito za mizunguko 78, kama zile za zama za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, wana sharti la ziada. Mfereji wake ni mpana, na huhitaji ncha yenye nusukipenyo cha takribani mikromita (elfu za milimita) 76, ilhali ncha ya kawaida ya santuri za baadaye ni kama 18 tu. Ncha hiyo ndogo huzama hadi chini kabisa ya mfereji, ikakokota uchafu wa miaka mingi na kutoa mkwaruzo badala ya sauti.

Hapa ndipo ninapoipendelea Audio-Technica waziwazi. AT-LP120XUSB ina mizunguko 33, 45 na 78, mkono unaosawazishwa na kikuza sauti cha fono ndani yake, tena huja na VM95E. Sindano za familia ya VM95 huchomolewa na kubadilishwa kwa mkono, ikiwemo VMN95SP ya santuri za 78, ambayo lazima uiwekee gramu 5 na kuzirudisha 2 unapomaliza. Nafasi ya pili naipa Technics SL-1200, iliyo imara kuliko zote, ingawa MK2 ya mwaka 1979 haina mizunguko 78 na MK7 ya mwaka 2019 inayo. Rega Planar 1 ina sauti safi, lakini haina 78, na kubadilisha kasi kunataka uinue sahani na kuhamisha mkanda. Kwa mwenye fedha kidogo, AT-LP60X inatosha kwa 33 na 45. Za mkoba sizipendekezi.

Wauzaji wa mashine zilizotumika kutoka Marekani wanatutendea jambo lisilo haki. Wanakuuzia mashine ya volti 120 pamoja na transfoma, wakisema kwamba kila kitu kimekamilika. Transfoma hushusha volti tu, haibadilishi hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde) za umeme wetu kuwa 60, na mota ya zamani inayofuata hezi itazungusha santuri ya 33 kwa mizunguko isiyofika 28, hata mwimbaji unayemjua asikike kama mtu mwingine. Wengi wao pia huapa kwamba sindano iliyomo ni mpya, ilhali hawajui imefanya kazi saa ngapi, na Audio-Technica wenyewe huikadiria sindano yenye ncha ya duaradufu kama ile ya VM95E kwa saa 300. Ongeza bei ya sindano mpya juu ya bei wanayokutajia, kisha linganisha na mashine mpya.

Spika na amplifaya havihitaji maneno mengi. Amplifaya yoyote safi inafaa, mradi mawimbi yapite kwanza kwenye kikuza sauti cha fono, maana ukiunganisha moja kwa moja sauti hutoka hafifu na bila besi. Spika zisikae juu ya meza moja na mashine, kwa sababu mtikisiko wake huifikia sindano.